Matambara ya Fundi Kioo

Watu wazima wenye heshima zao wameniambia niache kumsema vibaya aliyekuwa mume wangu. Wanasema inanizeesha. Basi leo nitamsifu mwanzo mpaka mwisho, na nikikwama mahali mnisamehe, maana kumsifu sina mazoezi nako.

Kwanza, ni mtanashati. Miaka ishirini na miwili aliendesha karakana ya bunduki bila shati lake kupata hata doa moja la mafuta. Nani kati yenu amewahi kumwona fundi wa namna hiyo? Fundi wa magari ukimpa mkono unaondoka na weusi kiganjani. Seremala ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Wa kwangu alikuwa safi kama karani wa benki, kucha zimekatwa, kalamu mfukoni. Mji mzima ulimwita Fundi Kioo, kwa sababu vitako vya bunduki, ule mti unaokaa begani, vilivyotoka kwake vilikuwa laini kama shavu la mtoto na vimetulia rangi, na yeye mwenyewe aling'aa kuliko vitako.

Pili, ana maneno. Karakana yetu ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta, kabati la chuma la kufungia silaha, na kibali cha serikali ndani ya fremu. Huko alikaa yeye. Cha nyuma kilikuwa na dirisha moja, bati juu bila dari, benchi, na kigoda. Huko nilikaa mimi. Wateja wetu walikuwa wawindaji wenye leseni, walinzi wa makampuni, na wazee wachache waliorithi bunduki za baba zao. Mteja akiingia, Fundi Kioo anamketisha, anachukua kitako, anakipapasa polepole kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto, anafumba macho.

"Huyu," anasema, "anataka mafuta."

Mteja anaguna kwa heshima. Asichokijua ni kwamba dakika mbili kabla ya macho kufumbwa, mtaalamu alipita nyuma na kuniuliza, "Hebu, hiki tukipake nini?"

Nami, mjinga niliyeacha shule darasa la pili, namwambia. Kitako cha mlinzi, kinachoegemezwa ukutani na kugongwa na kila mlango, kipake vanishi. Ni kazi ya siku mbili, kinameremeta, bosi wake anafurahi. Lakini kitako cha mtu anayelala porini mvua ikimnyeshea, vanishi usiipeleke hata karibu. Ikipata mkwaruzo mmoja tu maji yanapenya chini yake, inabanduka magamba, na kuitengeneza lazima uikwangue yote. Hicho kinataka linsidi, yale mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hayakai juu ya mti, yanaingia na kukaukia humo humo. Kikichubuka unaongeza matone mawili na kiganja chako. Tena hakimeremeti. Mnyama hakuoni kwa mbali, kama angemwona mtu aliyebeba kioo cha kunyolea.

Aliyenifundisha haya ni baba mkwe, ambaye ndiye aliyefungua karakana. Alitaka kumfundisha mwanawe, lakini mwanawe alikuwa na shughuli nyingi, nywele zilikuwa hazijachanwa. Mzee akageuka akaniona mimi na ufagio.

"Mwanangu, weka hilo fagio. Nionyeshe kiganja." Akakibonyeza kwa kidole gumba. "Kigumu. Hiki kitafanya kazi."

Kazi yenyewe si ya kuhadithia wageni, lakini ngoja niwaonjeshe. Unakwangua rangi ya zamani. Unapiga msasa. Unafuta mti kwa kitambaa chenye maji, unausogeza juu ya jiko la mkaa, na vinyweleo vyote vilivyokuwa vimelala vinasimama. Unavikata kwa msasa. Unalowesha tena, vinasimama tena, unavikata tena, mpaka mti ukubali yaishe. Ndipo linsidi. Mkono wa kwanza unaichanganya na tapentaini ili izame, unafuta inayobaki, unasubiri siku nzima. Kuanzia hapo ni matone machache na kiganja, unasugua mpaka ngozi iwake, siku baada ya siku, mara kumi na mbili, mara kumi na tano. Ukiwa na haraka ukapaka mengi, yanaganda kama uji uliosahauliwa. Nilipoteza alama za vidole vya mkono wa kulia. Siku ya kujiandikisha kupiga kura yule karani alibonyeza kidole changu mara tano, akaniuliza kama mimi ni mtu.

Halafu kuna matambara. Wiki yangu ya kwanza nilifinyanga matambara yaliyoloa linsidi nikayatupia kwenye beseni. Baba mkwe alinirukia kama nimemwaga maziwa.

"Matambara ya linsidi hayafinyangwi! Yatandaze moja moja, hewa ipite, au yazamishe kwenye maji. Yakilundikana yanapata joto yenyewe. Mwenzangu mmoja aliunguza duka hivyo, bila kiberiti, mchana kweupe."

Tangu siku hiyo, kila kazi ikiisha, nilitoka uani na kutandaza matambara kwenye waya, moja moja. Fundi Kioo hakupendezwa.

"Sasa hizi nepi zako wateja wakiziona watasemaje?"

"Watasema tuna mtoto mkubwa," nikamjibu, "anakaa chumba cha mbele."

Mzee alipofariki, karakana ikawa ya mwanawe, kibali kikawa kwa jina la mwanawe, na sifa zikawa za mwanawe. Mimi nikabaki na waya.

Sifa ya tatu: ni mtu wa huruma. Mwaka jana aliniona nimechoka. Mimi mwenyewe sikuwa nimegundua. Akaniketisha, akasema kwa sauti ya upole, "Mama, umefanya kazi sana. Nenda kwa dada yako ukapumzike." Nikauliza nipumzike mpaka lini. Akaangalia kucha zake. Kumbe aliyekuwa ameziangalia kucha hizo kabla yangu alikuwa msichana wa saluni ya mtaa wa pili, umri wa binti yangu kama ningekuwa naye, na alishapimwa gauni. Nitamwita Bibi Harusi, kwa kuwa hana kazi nyingine niliyowahi kuisikia. Nikaondoka na mfuko mmoja wa nguo. Majirani akawaambia nimeondoka mwenyewe kwa sababu ya hasira, na kwamba karakanani nilikuwa nafagia tu.

Kwa dada yangu nililala sebuleni kwenye kochi, na dada hakuacha kunikumbusha kwamba kochi lile lilinunuliwa likiwa jipya.

Nilichokuwa nakitaka kutoka karakanani ni kitu kimoja, kigoda changu. Baba mkwe alinichongea kwa mkono wake, kimo changu, na mahali pa kupumzishia kisigino. Jumamosi moja saa tano asubuhi nikaenda kukiomba. Fundi Kioo alinipokea mlangoni huku amejifunga taulo kiunoni ili suruali isichafuke. Vidole vyake vilikuwa vinanata. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anafanya kazi.

"Kigoda ni mali ya karakana," akasema.

"Na mimi nilikuwa mali ya nani?"

"Usinianzie hapa, nina kazi ya mtu."

Hapo nilimtukana kidogo. Nikaondoka. Saa tisa alasiri chumba cha nyuma kikaungua. Bunduki zenyewe zilinusurika ndani ya kabati la chuma, lakini benchi liliungua, kigoda kiliungua, na kitako cha mteja kilichokuwa kwenye benchi kikabaki nusu. Saa kumi na moja askari wawili walikuja kunichukua kwenye kochi la dada. Fundi Kioo alikuwa amesema nimechoma karakana yake kwa wivu, na majirani wanne waliniona nikitoka pale nikiongea peke yangu.

Kuchoma jengo lenye silaha ndani si utani. Askari mmoja alinieleza njiani, kwa wema kabisa, kwamba ni miaka mingi. "Ukitoka utakuwa bibi," alisema. Nililala kituoni siku mbili, na sitaki kueleza choo cha pale.

Jumatatu tuliitwa kwa ofisa anayesimamia vibali vya silaha, mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye kila mwezi alikuwa akija karakanani kukagua daftari. Tulimwita Afande, na jina lake silijui mpaka leo. Ndani ya ofisi alikuwepo Fundi Kioo, shati jeupe, na mwenye kitako kilichoungua, askari mstaafu wa wanyamapori tuliyemwita Mzee wa Pori. Alikuwa amekipakata kile kipande cheusi kama maiti ya ndege.

"Mama," akaanza Afande, "mume wako anasema umemchomea karakana."

"Aliyekuwa, Afande. Siku hizi ana mpya."

"Afande, huyu ana kijicho," Fundi Kioo akadakia. "Saa tano alikuja akanitukana, saa tisa moto. Hebu jumlisha mwenyewe."

"Alikutukanaje?"

"Mambo ya aibu. Siwezi kurudia."

"Nilimwita kioo cha chooni," nikasema. Mzee wa Pori alipatwa na kikohozi.

Afande akauliza nilifuata nini, nikamwambia kigoda. Akaandika "kigoda" na kuniangalia kama anayetaka kujua kama hilo ndilo jibu langu la mwisho. Niliona wazi kwamba anaelekea kuniamini mimi mwivu kuliko mimi mwenye kigoda. Kisha akamgeukia Fundi.

"Asubuhi hiyo wewe ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kitako cha mzee huyu. Nilikuwa naanza kukipaka linsidi."

"Peke yako?"

Hapo Fundi Kioo akakaa vizuri kwenye kiti. "Afande, kazi hiyo naifanya peke yangu miaka ishirini na miwili. Mimi na mikono yangu. Huyu alikuwa anafagia."

Kalamu ya Afande ikaandika hayo yote. Mimi nikasikia kichwani mwangu harufu ya lile beseni la matambara la wiki yangu ya kwanza, kama vile niko palepale. Nikaomba ruhusa nimwulize swali moja.

"Moja tu," akasema Afande.

"Ulipomaliza kupaka, matambara uliyaweka wapi?"

Akacheka. "Mnaona? Watu tunaongelea moto, yeye anaongelea matambara."

"Mjibu," Afande akasema.

"Kwenye ndoo. Ya plastiki, chini ya benchi. Kama kumi na tano hivi, nilimwaga mafuta kidogo nikayafutia, nikayashindilia yakaenea. Mimi ni mtu msafi. Nikafunga dirisha na mlango, nikaenda kula."

Mzee wa Pori aliacha kukipapasa kitako. "Afande," akasema taratibu, "mimi nimeleta bunduki pale miaka kumi na minane. Sijawahi kupita uani nisione matambara kwenye waya, yametandazwa moja moja. Nilidhani ni nepi."

Nikamweleza Afande kile baba mkwe alichonieleza. Linsidi inapokauka inatoa joto. Tambara likitandazwa, joto linaondoka na upepo. Matambara yakishindiliwa, joto halina pa kwenda, linaongezeka lenyewe mpaka linawaka.

"Bila kiberiti?"

"Bila."

"Hadithi za jikoni hizo, Afande!" akasema Fundi Kioo. "Mafuta yawake yenyewe? Basi kila sufuria mjini ingekuwa imelipuka!"

Afande si mtu wa hadithi. Alivua miwani, akaifuta, akamtuma askari karakanani alete galoni la linsidi lililobaki chumba cha mbele, na ndoo ya bati. Akaniamuru nifanye uani mbele ya macho yake kama Fundi alivyosema alifanya. Nikalowesha matambara kumi na tano, nikayashindilia kwenye ndoo, tukaiweka juani katikati ya uwanja wa kituo, mbali na kila kitu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Tukakaa kwenye benchi la kivulini, tukaitazama ndoo.

Hamjawahi kuona watu wamekaa wanaitazama ndoo kwa bidii namna ile. Saa tano, kimya. Wakaja askari wengine kuangalia, wakacheka, wakaondoka. Saa sita, kimya. Fundi Kioo akanisogelea.

"Labda yanasubiri uyaimbie."

"Nenda ukayafinyange tena," nikamwambia, "wewe ndiye una mkono."

Lakini moyoni nilijua jambo moja. Haiwaki kila mara. Baba mkwe alisema hivyo pia, ila sehemu hiyo sikumwambia Afande. Upepo ukiwa mwingi, matambara yakiwa makavu, inaweza kupoa tu, na mimi nikarudi ndani nikazeeke humo kwa sababu ya ndoo iliyokataa kushuhudia. Nilijikuta naiombea dua, ndoo ya bati, kama mgonjwa.

Saa saba na nusu Mzee wa Pori alinyanyua pua. Watu wa porini wana pua. "Mnasikia?" Harufu ile kali, kama rangi iliyounguzwa kwenye kikaango. Kisha moshi, uzi mmoja mwembamba, mweupe. Afande alisimama. Akasogea, akaweka kiganja juu ya ndoo bila kuigusa, akakirudisha haraka. Moshi ukawa mnene, ukageuka rangi, na katikati ya tambara la juu kikatokea kijicho chekundu. Askari mmoja akaja na mchanga. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Tukarudi ofisini. Afande akafungua ukurasa mpya.

"Fundi, nina swali dogo. Hili jambo ulikuwa unalijua au hulijui? Fikiri kwanza. Kama ulilijua, basi uliwasha moto mwenyewe hatua nne kutoka kabati la silaha, na kesi hii nabadilisha jina la mshtakiwa tu."

"Sikulijua!" akasema, upesi. "Wallahi sikulijua, Afande."

"Miaka ishirini na miwili unapaka linsidi peke yako. Wewe na mikono yako. Hapa nimeandika."

Nimemwona mwanamume yule akiwa na homa, akiwa msibani, na nimemchungulia kupitia dirisha la jirani akioa mara ya pili. Sijawahi kumwona anatafuta neno akalikosa. Aliangalia kucha zake. Bado zilikuwa na linsidi kwenye kingo.

"Kupaka," akasema, "alikuwa anapaka yeye."

"Yeye nani?"

"Huyu."

"Tangu lini?"

"Tangu... baba yangu."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa mbele. Na wateja."

Afande akaandika. Mimi herufi za kuchapwa nazifuata kwa kidole, lakini mwandiko wa polisi ni sisimizi waliokanyagwa. Nikamwomba anisomee alichoandika. Akasoma: vitako vyote vilivyotoka katika karakana ile kwa miaka ishirini na miwili vilipakwa na mwanamke huyu, na mwenye kibali hana ujuzi wa kazi hiyo. Nikamwomba asome tena. Akasoma tena, mara hii kwa sauti kubwa kidogo, nadhani kwa ajili ya Mzee wa Pori, ambaye sikio lake moja ni bovu.

Nikaachiwa saa kumi. Kibali cha Fundi Kioo kikatolewa kwenye fremu mpaka aonyeshe fundi anayejua kazi. Dada yangu alinipikia, akaniruhusu kuweka miguu juu ya kochi.

Wiki hiyohiyo Mzee wa Pori alikuja na gogo la mti mkavu, na seremala wa kulichonga alikuwa naye. Bunduki yenyewe ilibaki kituoni, kwangu uliletwa mti tu, ambao hauhitaji kibali cha mtu. Ulipochongwa kitako kikapatikana.

"Nikupakie nini?" nikamwuliza, kwa mazoea.

"Mimi nitajuaje? Wewe si ndiye unayefumba macho?"

Nikakaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba ya dada, kwa kuwa kigoda hakipo, nikaanza. Nilikuwa nimefika mkono wa saba wa linsidi, na matambara yako kwenye kamba ya dada katikati ya shuka zake, naye ananipigia kelele kutoka dirishani, "Hizo takataka zako na foronya zangu!", Fundi Kioo alipofungua geti. Shati jeupe. Alikuwa amekonda. Bibi Harusi, nasikia, hapendi harufu ya moshi na amekwenda kwao kwa muda.

"Mama," akasema, "karakana inakuhitaji. Rudi tu, yaishe."

"Unatafuta fundi au mfagiaji?"

"Fundi."

"Basi huyo fundi mwulize kwanza kama ana nafasi. Naona ana kazi ya mtu."

Akataka kunisogelea ili anibembeleze kwa ile sauti yake ya upole. Kati yetu kulikuwa na kamba. Aliinama kupita chini yake, hakuinama vya kutosha, na tambara bichi la linsidi likamfuta vizuri kuanzia kwenye kola mpaka katikati ya mgongo.

Hakuhisi. Alisimama mbele yangu nusu saa akizungumza maneno mazuri, kisha akapita njia kuu kurudi kwake, mbele ya maduka yote, na ile alama mgongoni, ya manjano, pana kama kiganja. Linsidi ikikauka kwenye pamba haitoki.

Sikumwambia. Nilikuwa na mikono michafu.